Vikao vya chama cha historia ya ukoo: mhadhara una nafasi yake, kazi hufanyika kwenye meza ya msaada

Vyama vya historia ya ukoo karibu vyote huendeshwa kwa kujitolea. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na anayealika watoa mada ni watu wale wale wanaosaka nasaba za kwao usiku, baada ya kazi. Ndiyo maana vikao vyao havilingani: chama kimoja kitakupa jioni inayofungua tawi la ukoo lililokwama kwa miaka, kingine kitakurudisha nyumbani na matangazo matupu. Tathmini hii inapima mihadhara pamoja na vikao vinavyoizunguka. Jarida na maktaba ya chama vinastahili makala yao.

Hukumu yetu tuitangulize. Mhadhara unaofaa ni ule unaokuonyesha waraka wenyewe kwenye skrini, kwa ukubwa unaosomeka, na kukueleza kwa nini uliandikwa vile ulivyoandikwa. Hata huo haufikii meza ya msaada, pale unapokaa na mjuzi kwa dakika 15 mkiwa na swali moja. Chama chenye meza nzuri na mihadhara ya wastani, jiunge nacho. Chenye watoa mada mashuhuri na hakina meza, hudhuria kama mgeni tu, mada ikikugusa.

Kikao cha kawaida huchukua dakika 120 mara moja kwa mwezi. Mgawanyo unaofanya kazi ni matangazo dakika 10, mhadhara 45 hadi 50, maswali 15, mapumziko mafupi, kisha meza ya msaada mpaka ukumbi ufungwe. Unapovunjika, huvunjikia kwenye matangazo. Katibu akianza kusoma kila barua iliyoingia, dakika 10 huwa 30, na anayelipa deni hilo ni meza, kwa sababu ukumbi una saa yake ya kufungwa na mtoa mada hapunguzi slaidi zake. Vyama vilivyolitatua hili hutuma matangazo kwa barua pepe siku mbili kabla, na ukumbini husoma yale tu yanayohitaji kura. Mkutano mkuu wa mwaka hauna budi kuwa na taarifa na hesabu, lakini hata huo hufaa kufungwa na mhadhara wa dakika 20. Bila hivyo akidi hutimia kwa shida.

Ukipewa ratiba ya mwaka, soma vichwa vya mada kabla hujaangalia majina ya watoa mada. "Jinsi ya kuanza mti wa ukoo" inasikilizwa mara moja maishani, na mara moja hiyo inatosha. Mada pana kuhusu maisha ya watu wa zamani husikika vizuri, ila unatoka bila kitu cha kuandika. Ya kufuata ni ile inayohusu aina moja ya waraka: rejista za ubatizo, wosia, orodha za abiria wa meli, sensa ya mwaka fulani. Mada inavyozidi kuwa nyembamba ndivyo inavyozidi kukufaa.

Chukua mhadhara kuhusu tarehe katika rejista za parokia za England. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1750, mwaka wa kisheria huko ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Kwa hiyo Februari 1735 ilikuja baada ya Mei 1735. Sasa ziweke kurasa mbili kwenye skrini. Wa kwanza ni ndoa, Mei 1735. Wa pili ni ubatizo wa mtoto wa kwanza, Februari 1735. Asiyejua ataandika kwamba mtoto alitangulia ndoa, au atahangaika kumtafuta mama mwingine ambaye hakuwepo. Anayejua anaona miezi tisa iliyotimia. Ndiyo maana watafiti makini huandika Februari 1735/6, mwaka wa zamani na wa sasa kwa pamoja, ili msomaji asikisie. Mfano unaojulikana zaidi ni wa George Washington: kwa hesabu ya zamani alizaliwa 11 Februari 1731, na kwa hesabu ya leo ni 22 Februari 1732. Siku 11 zimeongezeka kwa kuhama kutoka kalenda ya Julius kwenda ya Gregory, na mwaka mmoja kwa kuhamisha mwanzo wa mwaka. England ilipohama mwaka 1752, 2 Septemba ilifuatwa na 14 Septemba.

Pembeni ya ukurasa huo huo kuna "7ber". Wengi huisoma kuwa Julai. Ni Septemba, mwezi wa saba ukihesabu kuanzia Machi, na 8ber, 9ber na Xber ni Oktoba, Novemba na Desemba. Mtoa mada anayezionyesha alama hizi kwenye mwandiko halisi, si kwenye orodha aliyoichapa mwenyewe, amekupa kitu utakachokitumia usiku ule ule.

Kipimo chetu cha kwanza, basi, ni kuonyesha waraka wenyewe; cha pili ni kama mtoa mada anasema waraka unadanganya wapi. Sensa ya England ya 1841 ni mfano mzuri. Maofisa waliagizwa wapunguze umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye kigawe cha tano kilicho chini yake, hivyo mtu wa miaka 44 anaandikwa 40. Ukimkuta mwaka 1851 ana miaka 54, hajaruka miaka kumi na minne. Ni kalamu ya ofisa. Sensa hiyo hiyo haikuandika uhusiano wa watu walio katika nyumba moja. Mwanamume wa 30 na mwanamke wa 30 wenye jina moja la ukoo wanaweza kuwa mke na mume, au kaka na dada. Mhadhara usiotaja hayo unawapeleka watu shimoni, hata kama slaidi zake zimepambwa vipi.

Cha tatu, na hiki tunakithamini mno, ni kusema kilichopotea. Sensa ya England na Wales ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, kwa hiyo kati ya 1921 na 1951 hakuna sensa. Kinachosaidia kuziba pengo ni rejista ya wakazi iliyoandikwa Septemba 1939. Marekani ilipoteza karibu sensa yote ya 1890 baada ya moto wa Januari 1921. Dublin, hifadhi ya nyaraka iliungua mwaka 1922 pamoja na sehemu kubwa ya sensa za Ireland za 1821 hadi 1851. Mtu asiyeambiwa haya hutafuta kwa miezi kitu ambacho hakipo, kisha hujilaumu kwamba hajui kutafuta. Mtoa mada akianza na mapengo na kueleza kinachoweza kuyaziba, mpigie makofi kwa dhati.

Mihadhara ya DNA ndiyo inayojaza ukumbi, na ndiyo inayoharibika upesi. Kosa la kawaida ni kufunga namba moja kwenye uhusiano mmoja. Sentimogani, kipimo cha vipande vya vinasaba ambavyo watu wawili wanachangia, haisomwi hivyo. Ndugu wa baba na mama mmoja huchangia takriban 2,600. Lakini mtu akikuonyesha 1,750, hao wanaweza kuwa ndugu wa mzazi mmoja, au bibi na mjukuu wake, au shangazi na mtoto wa kaka yake. Kinachoamua ni umri wa wahusika na nyaraka. Mabinamu wa kwanza wastani wao ni kama 850, lakini wapo wa 400 na wapo wanaokaribia 1,400. Ukienda mbali zaidi, ukawachukua wajukuu wa mabinamu wawili, takriban 1 kati ya 10 hawaonyeshi kipande hata kimoja cha pamoja, na bado ni damu moja. Kwa hiyo "hatulingani" kwa umbali huo si ushahidi kwamba si ndugu. Mtoa mada asiyelisema hili wazi ameacha sehemu kubwa ya somo.

Tunataka pia atenge angalau dakika tano za majibu yasiyotarajiwa. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba baba aliyekulea siye aliyekuzaa, na jibu hilo haliishii kwako. Linawafikia ndugu zako, mama yako, hata wazee ambao hawakuulizwa. Kabla ya kumpima mzee, aelezwe hilo kwa lugha anayoielewa, aambiwe matokeo yatahifadhiwa wapi na nani atayaona, na apewe nafasi ya kukataa. Chama kinachouza vifaa vya kupimia mlangoni bila maneno hayo kinakosea.

Sasa meza ya msaada. Inahitaji kompyuta mpakato moja au mbili zenye intaneti, wanachama wawili au watatu wazoefu, karatasi ya kujiandikisha, na saa. Kila mtu dakika 15. Kinachoiharibu si uhaba wa ujuzi, ni watu kuja na "nataka kujua asili ya ukoo wangu." Hilo si swali, ni safari nzima. Swali la mezani lina mtu mmoja, mahali, miaka ya kukisia, na kile kilichokwisha kutafutwa: "Namtafuta mama wa huyu, aliyebatizwa parokia hii kati ya 1890 na 1895, rejista ya 1892 nimeimaliza, haimo." Hapo mjuzi anajua pa kuanzia. Njoo pia na karatasi moja ya mti, si faili la kurasa 60.

Karatasi hiyo iwe na namba. Mfumo unaotumika mezani ni ule uliochapishwa mwaka 1590 na Michael Eytzinger, na haujapata mshindani kwa wepesi. Wewe ni 1, baba yako 2, mama yako 3. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, mama ni hiyo mara mbili ukaongeza moja. Kwa hiyo 4 ni babu mzaa baba, 5 ni bibi mzaa baba, 6 na 7 ni wa upande wa mama. Mtu akitaja 23, huhitaji kuuona mti: ni namba witiri, hivyo ni mwanamke, mama wa 11, 11 ni mama wa 5, 5 ni mama wa 2. Ni mama wa bibi wa bibi? Hapana: hesabu tena polepole. Ni mama wa mama wa mama wa baba yako, yaani bibi wa bibi yako mzaa baba. Watu huteleza hapo mara nyingi, na ndiyo sababu namba hushinda maneno mezani.

Kwa anayekusanya habari kwa Kiswahili kuna faida ambayo wengi huitupa wanapojaza fomu. Programu nyingi za mti wa ukoo zina nafasi ya mzazi, mwenzi na mtoto. Mengine zinayakokotoa zenyewe. Lakini mzee akisema "mjomba" tayari amekuambia upande, ni ndugu wa kiume wa mama. "Amu" au "baba mdogo" ni wa upande wa baba, na "shangazi" ni dada wa baba. Liandike neno lenyewe alilolitamka, kwenye sehemu ya maelezo, kabla ya kulitafsiri. Hatari iko kwenye "ndugu", "kaka" na "babu", maneno yanayobeba watu wengi. "Kaka yangu" anaweza kuwa mtoto wa baba mkubwa. Swali la kufuatia liwe moja tu: "Mlichangia mama, au baba, au wote wawili?" Rejista za Kilatini nazo zina mtego wa aina hiyo: *nepos* ni mjukuu, na pia ni mpwa. Mjuzi wa mezani akikwambia usubiri ushahidi wa pili kabla ya kuamua, msikilize.

Vikao vya mtandaoni vimeleta jambo kubwa: mtu anaweza kuhudhuria chama cha mahali ambako babu yake alizaliwa, bila kusafiri. Kwa mihadhara, tunavipa alama sawa na za ukumbini, wakati mwingine zaidi, kwa sababu picha ya waraka iko sentimita 50 kutoka machoni pako. Kwa meza ya msaada, bado. Vyumba vidogo vya Zoom husaidia, lakini mjuzi haoni mkono wako ukielekea kwenye mstari usio sahihi. Matatizo ya kiufundi yanajulikana na yanazuilika. Toleo la bure la Zoom hukata kikao baada ya dakika 40, katikati ya mhadhara hasa, kwa hiyo chama lazima kiwe na toleo la kulipia. Mtoa mada anayeonyesha video asipowasha sauti ya kompyuta anapoonyesha skrini, atasikia peke yake. Mtandao ukisuasua, wasikilizaji wazime kamera. Na kwenye kikao mseto, cha ukumbini na mtandaoni kwa pamoja, kosa linalokera kuliko yote ni swali linaloulizwa kutoka viti vya nyuma bila maiki. Walioko mtandaoni husikia jibu la swali wasilolijua. Tiba yake haina gharama: mtoa mada alirudie swali kabla ya kujibu.

Uliza mapema kama mhadhara unarekodiwa. Haki ya mhadhara ni ya aliyeutoa, na wengi huruhusu rekodi itazamwe kwa siku chache tu na wanachama. Chama kinachosambaza rekodi ovyo hupoteza watoa mada wazuri.

Mihadhara kuhusu FamilySearch, tovuti ya bure ya nyaraka za ukoo, ipo kila mwaka, na inatofautiana mno. Hazina yake inatokana na chama kilichoanzishwa Utah mwaka 1894, kilichoanza kupiga nyaraka picha ndogo za mikrofilamu mwaka 1938. Kazi ya kuigeuza mikanda hiyo, zaidi ya milioni 2.4, kuwa picha za kidijitali ilikamilika mwaka 2021. Mhadhara dhaifu hukufundisha kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Mhadhara mzuri hukuambia kwamba picha nyingi hazina faharasa ya majina, hivyo jina halitatokea hata ukiliandika kwa tahajia kumi. Ingia kwenye katalogi, tafuta kwa mahali, fungua kitabu na upekue ukurasa kwa ukurasa. Hukuambia pia kwamba picha nyingine hufunguka tu ukiwa ndani ya kituo cha FamilySearch au maktaba shirika.

Siku za kazi za nje ni chache katika ratiba, na hatuoni kwa nini. Kunakili maandishi ya makaburi hufunza usomaji kuliko slaidi. Watu wafanye wawili wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike, kisha wabadilishane na kuhakiki. Kiandikwe kilichopo, hata tahajia iliyokosewa, na herufi isiyosomeka iachiwe alama badala ya kukisiwa. Jiwe lisiguswe kwa brashi ya waya, wala kupakwa chaki au povu la kunyolea, maana vitu hivyo hukwangua au kuacha kemikali ndani ya vinyweleo vya jiwe. Maji safi na brashi laini, basi. Maandishi yaliyofifia hujitokeza kwa mwanga wa pembeni: kioo kinachorusha jua, au tochi inayoshikwa karibu sambamba na uso wa jiwe, kivuli kikaingia ndani ya kila mchongo.

Jambo ambalo vyama vingi havijalisimamia vya kutosha ni kubadilishana miti. Baada ya kikao watu hutumiana faili za GEDCOM, umbizo lililotoka mwaka 1984 ili programu tofauti zielewane. Faili hiyo ni maandishi matupu. Picha zako hazisafiri ndani yake, ingawa toleo la 7.0 la mwaka 2021 limeweka njia ya kufungasha picha pamoja na data. Tatizo kubwa zaidi ni vyanzo. Mti wa watu 3,000 usio na chanzo hata kimoja ukiumwaga ndani ya wako, makosa yake yanakuwa yako, na baada ya wiki huwezi kuyatenganisha. Fungua mti mgeni kama faili la pekee, hamisha mtu mmoja mmoja uliyemhakiki. Kabla ya kutoa wako, ondoa walio hai. Serikali zenyewe husubiri: sensa ya England na Wales ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, baada ya miaka 100, na ya Marekani ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, baada ya miaka 72. Chama kinachoonyesha kwenye skrini tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliye hai kimeshindwa mtihani wa msingi.

Kabla ya kulipa ada, hudhuria mara mbili kama mgeni, mara moja kwa ajili ya mhadhara na mara moja kwa ajili ya meza. Muulize katibu meza hufunguliwa vikao vingapi kwa mwaka, na rekodi hubaki wazi kwa siku ngapi. Nenda na daftari na penseli, kwa sababu hifadhi nyingi za nyaraka hazikubali kalamu ya wino na ni vyema kuzoea. Juu ya ukurasa andika tarehe, mada na jina la mtoa mada. Kila waraka ukitokea kwenye skrini, andika kwanza namba yake ya kumbukumbu na hifadhi ulikotoka, ndipo uandike yaliyomo. Slaidi ikibadilika kabla hujamaliza, yaliyomo utayapata tena kwa namba hiyo.